Konseli aliyeacha kazi akafundisha uashi Serowe

Mwaka 1957 makamu wa konseli wa Afrika Kusini mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, alijiuzulu. Patrick van Rensburg alikuwa na miaka 25, na jina lake la ukoo la Kikaburu lingemfungulia milango mingi kwao. Lakini kazi yake ilikuwa kuisemea serikali ya ubaguzi wa rangi mbele ya wageni, na hilo lilikuwa limemshinda.

Aliporudi nyumbani alijiunga na chama cha Liberal. Mwaka 1959 alikuwa London katika kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, na baada ya hapo kwao hapakukalika tena. Akaishia Bechuanaland, Botswana ya leo, nchi iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza na ambayo shule zake za sekondari zilihesabika kwa vidole.

Februari 1963, yeye na mkewe Liz walifungua shule ya Swaneng Hill nje kidogo ya Serowe, mji wa watawala wa ukoo wa Khama, wakiwa na wanafunzi 28. Majengo hayakutosha, basi wanafunzi, walimu na vijana wa kujitolea kutoka nje walitumia mapumziko ya wiki kujenga madarasa yao wenyewe. Miaka minne baadaye Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na wasomaji waliopita katika shule zetu miaka ya 1970 wanajua tofauti kati ya shamba la shule linalofundisha na jembe la adhabu. Van Rensburg naye aligongana na tofauti hiyo mapema. Wanafunzi wa sekondari walitaka cheti na kazi ya ofisini. Kadiri miaka ilivyokwenda, kubeba matofali kulianza kuwachosha, na wengine waligoma waziwazi. Ni jambo la kumsifia kwamba aliliandika hilo katika vitabu vyake bila kulipamba.

Waliohitaji ufundi kweli walikuwa nje ya lango la shule: wale waliomaliza elimu ya msingi wakakosa nafasi ya kuendelea. Kwa ajili yao, mwaka 1965 alianzisha Brigedi ya Wajenzi ya Serowe.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuueleza. Kijana anapokelewa kuwa mwanagenzi. Siku nne za wiki yuko saiti, anachanganya zege na kupanga tofali chini ya jicho la fundi. Siku ya tano yuko darasani kwa nadharia ya kazi na masomo ya kawaida. Nyumba anayoijenga ina mwenyewe, na mwenyewe analipa. Fedha hiyo ndiyo inayonunua vifaa na kugharimia mafunzo. Karo inalipwa kwa jasho la mikono, na kijiji kinapata jengo.

Baada ya wajenzi wakaja maseremala, wakulima, wafumaji, watengeneza ngozi, mafundi magari na wachapaji, na mtindo huo ukaenea vijiji vingine vya Botswana baada ya uhuru wa mwaka 1966. Pembeni ya brigedi kulikuwa na duka la ushirika na Boiteko, mradi wa wanakijiji kuzalisha kwa pamoja. Bessie Head, mwandishi aliyekimbilia Serowe kutoka Afrika Kusini, alifanya kazi katika bustani ya mboga ya mradi huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu Serowe alimpa van Rensburg sehemu nzima, baada ya Khama wa Tatu na Tshekedi Khama. Mgeni kuwekwa safu moja na watawala hao si heshima ndogo.

Hesabu ya brigedi, hata hivyo, ilikuwa na mtego. Wanagenzi wa mwaka wa kwanza wanaharibu vifaa na kuchelewesha kazi, lakini mwenye nyumba anataka nyumba yake. Meneja anayebanwa na madeni hushawishika kukubali zabuni nyingi na kupunguza mafunzo, au kuajiri mafundi waliokwisha iva. Brigedi nyingi ziliyumba hapo hapo, na kwa maoni yangu si kwa sababu wazo lilikuwa bovu. Mzigo wa kuwafundisha vijana wa nchi nzima uliachiwa mno biashara ndogo za vijijini.

Van Rensburg, aliyechukua uraia wa Botswana, hakuishia kwenye brigedi. Mwaka 1980 alianzisha taasisi ya elimu pamoja na uzalishaji, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Right Livelihood, na mwaka 1984 akaanzisha gazeti la Mmegi. Alifariki Mei 2017.

Kufikia wakati huo serikali ilikuwa imezichukua brigedi. Mafunzo yaliingia katika bajeti ya Gaborone, msaada ambao brigedi zenye madeni zilikuwa zikiulilia. Bodi za wanakijiji, zilizokuwa zikiamua ufundi gani ufundishwe na kazi ipi ikubaliwe, zikapoteza kauli hiyo.