Kasri la Cuba na Bustani za Magharibi ya Palermo

Katika mwaka 2015, UNESCO ilipoyaandika majengo ya zama za Waarabu na Wanormani ya mji wa Palermo, katika kisiwa cha Sicily, kwenye daftari la urithi wa dunia, ilitaja mahali tisa: kasri la wafalme pamoja na kanisa lililomo ndani yake, kanisa la San Giovanni degli Eremiti, la Martorana, la San Cataldo, kanisa kuu la mji, kasri la Zisa, daraja la Amiri wa Bahari, na makanisa makuu ya Cefalù na Monreale ambayo yako mbali na mji wenyewe. Kasri la Cuba halikutajwa. Msafiri atokaye Palermo kwenda Monreale kwa njia ya zamani, ile iitwayo leo Corso Calatafimi, hupita ubavuni mwa kambi ya askari ambayo ndiyo iliyolimeza kasri hilo kwa miaka mingi, na aghlabu hupita asigeuze shingo, akiharakisha kwenda huko mbele kutazama kile kilichoandikwa daftarini. Nimeona vyema kuandika maneno haya kwa sababu jengo lililoachwa nje ndilo linalobeba juu ya kuta zake, kwa Kiarabu kilichochongwa katika mawe, shahada ya nani alilijenga na katika mwaka gani; na tarehe ya shahada hiyo, namna ilivyopuuzwa, ilivyosingiziwa na hatimaye ilivyosomwa, inastahili kujulikana.

Kwanza mahali penyewe. Palermo uko pwani ya kaskazini ya Sicily, umeegemea uwanda wenye rutuba uitwao Conca d'Oro, ambao milima imeuzunguka kwa nyuma na jabali la Monte Pellegrino limeukinga upande wa kaskazini. Mito miwili midogo, Papireto na Kemonia, iliukumbatia mji wa kale kushoto na kulia kabla ya kuzikwa chini ya barabara. Mto wa tatu, Oreto, ungali ukipita upande wa kusini. Wafoinike ndio waliouanzisha mji, Wagiriki wakauita Panormos, Warumi wakauteka, kisha Wabizanti; na habari hizo zimo katika kila kitabu. Katika mwaka 827 jeshi la Waaghlabi, watawala wa Afrika Kaskazini, lilishuka Mazara, katika pwani ya Sicily, likiongozwa na kadhi wa Qayrawan, Asad ibn al-Furat, mwanachuoni aliyesoma kwa Imamu Malik mwenyewe, na miaka minne baadaye Palermo ukawa mji wa Kiislamu. Toka hapo maji ya milimani yakaletwa kwa mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi, na uwanda ukajaa michungwa, milimau, miwa na mitende.

Wapendao kuusifu mji wa wakati ule hupenda kumtaja msafiri Ibn Hawqal, aliyefika mwaka 973 na kusema kwamba misikiti ilipita mia tatu. Idadi hiyo imenakiliwa mara nyingi mno, na wanaoinakili huacha kusema kwamba msafiri yule aliitaja kwa kulaumu wala si kwa kusifu. Aliona misikiti ikipakana na kuelekeana katika mtaa mmoja, na alipouliza sababu akaambiwa kuwa ni kiburi, kila mwenye mali hataki kuswali ila katika msikiti wake mwenyewe. Tena aliwatuhumu watu wa Palermo kwa upungufu wa akili, akidai kuwa umetokana na kula vitunguu vibichi asubuhi na jioni. Ni dhahiri kwamba hakuupenda mji, na ushahidi wa mtu aliyechukia haufai kutolewa nusu ukafanywa wa mtu aliyependa.

Wanormani waliutwaa mji mwaka 1072. Hawakubomoa kila walichokikuta, na sababu yake naiona wazi: hawakuwa na chao cha kuweka badala yake. Makarani wa Kiarabu walibaki katika diwani, yaani ofisi za serikali, wafumaji walibaki katika karakana ya mfalme, na joho la mfalme Ruggero wa pili, ambalo sasa limehifadhiwa Vienna, limetariziwa kwa nyuzi za dhahabu maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 528 wa Hijra. Katika baraza la mfalme huyo huyo al-Idrisi alikamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154. Nasi watu wa Pwani tunalo jambo letu humo, maana majina ya Malindi, Mombasa na Sofala yaliandikwa Palermo, pamoja na habari za chuma cha Malindi, na mtu ambaye hakupata kufika kwetu ila kwa masikio yake.

Nje ya kuta za mji, upande wa magharibi, wafalme wa Kinormani walifanya bustani kubwa iliyojulikana kwa jina la Genoardo, ambalo asili yake ni Jannat al-Ardh. Humo yalisimama makasri ya kupumzikia, mbali na makao makuu, kila moja na maji yake na miti yake. Msafiri Ibn Jubayr, aliyekuja kutoka hija na jahazi lake likavunjika karibu na Messina mwishoni mwa mwaka 1184, alipofika Palermo aliyafananisha makasri yaliyouzunguka mji na mkufu shingoni mwa mwanamke. Zisa, lililoanzwa na mfalme Guglielmo wa kwanza na kukamilishwa na mwanawe, ndilo lililo kubwa na mashuhuri, na wageni hulisifu kwa haki, kwa ajili ya chemchemi iliyomo katika ukumbi wa chini, ambayo maji yake yaliteremka juu ya jiwe lenye mifuo yakapita katikati ya sakafu hadi katika birika la nje.

Lakini Cuba ndilo nilipendalo mimi. Ni jengo la mstatili, urefu wake ukipita kidogo mita 31 na upana wake karibu mita 17, na katika kila upande mmoja wa pande zake nne kimejitokeza kijumba chembamba kisichofikia pembeni, kana kwamba ukuta umevuta pumzi. Halikuwa na roshani wala mapambo ya kupindukia nje; lina matao marefu yaliyochongoka, moja ndani ya jingine, mengi yao yamezibwa, ambayo jua la asubuhi na la jioni huyachora kwa vivuli. Lilisimama ndani ya ziwa lililofanywa kwa mikono, maji yakigusa kuta, hata mtu aliyetazama kutoka bustanini aliliona kuwa ni jumba lililokaa juu ya maji. Ndani yake mna sehemu tatu; katika ukumbi wa katikati upo msingi wa birika lenye umbo la nyota ya pembe nane, na katika vidaka vimesalia vipande vya zile nakshi za tabaka tabaka ziitwazo muqarnas. Wanazuoni hawajapatana kama ukumbi huo ulifunikwa na kuba au uliachwa wazi kwa mbingu. Linalokubaliwa na wote ni kwamba halikuwa nyumba ya kulala. Lilikuwa pahali pa mfalme kushinda mchana wa joto, akisikia maji na kupokea wageni wake.

Na juu kabisa, kwenye ukingo wa kuta, maandishi yamelizunguka jengo lote. Kwa karne nyingi watu waliyaona na hawakuyasoma. Kwa kuwa yalikuwa ya Kiarabu, ilidhaniwa kwamba waliolijenga ni maamiri wa Kiislamu, na dhana ikawa habari, na habari ikawa tarehe, ikapokewa na mwandishi baada ya mwandishi pasipo hata mmoja wao kupanda ngazi. Mji uliokuwa umeandikwa Kiarabu katika nguzo zake na mbao za dari za makanisa yake ulikuwa umesahau kusoma.

Ujinga huo ulimpa nafasi mtu mmoja, na hapa sitaficha hasira yangu. Mwezi wa Desemba 1782 jahazi la balozi wa Morocco, Muhammad ibn Uthman al-Miknasi, lilisukumwa na dhoruba hadi Palermo, na aliyetafutwa kumtafsiria alikuwa kasisi Mmalta, Giuseppe Vella, aliyejua Kimalta chake na Kiarabu kidogo cha kubahatisha. Balozi alionyeshwa kitabu cha mkono kilichokuwa katika monasteri ya San Martino delle Scale, nacho kilikuwa kitabu cha sira ya Mtume. Balozi alipokwisha kuondoka, Vella alitangaza kuwa kitabu hicho ni kumbukumbu za serikali ya Waarabu wa Sicily, zenye barua za maamiri na mabwana zao, na kuanzia mwaka 1789 akazipiga chapa kwa majuzuu. Alizibuni zote. Alithubutu hata kuharibu herufi za kitabu chenyewe kwa wino ili wengine wasiweze kukisoma. Akaona haimtoshi, akazua kitabu cha pili alichokiita Diwani ya Misri, ambacho kilipendeza serikali kwa kuwa kiliwanyang'anya mabaroni hoja zao za kumiliki ardhi. Mwaka 1794 aliletwa mwanachuoni kutoka Vienna, Joseph Hager, akaubainisha uwongo. Na mwaka 1796 mahakama ikamhukumu Vella kifungo cha miaka kumi na mitano.

Wengi huisimulia hadithi hii kwa kucheka, kana kwamba ni ujanja wa mtu mwerevu. Mimi sioni cha kuchekesha. Kwa miaka zaidi ya kumi fedha ya serikali na heshima ya wasomi zilimiminwa juu ya kitabu cha uwongo, na wakati wote huo maandishi ya kweli yalikuwa juu ya ukuta wa Cuba, mwendo mfupi kutoka mjini, yakipigwa na mvua.

Aliyeyasoma ni Michele Amari, mzaliwa wa Palermo wa mwaka 1806. Kitabu chake juu ya uasi wa Sicily dhidi ya Wafaransa kilipoikasirisha serikali ya wafalme wa Bourbon, waliokuwa wakitawala kisiwa, mwaka 1842, alikimbilia Paris, na huko ugenini, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini na mitano, alianza kujifunza Kiarabu toka herufi ya kwanza ili aandike tarehe ya Waislamu wa kisiwa chake. Katikati ya karne ile alithibitisha kwamba maandishi ya Cuba, ingawa mawe yake kadhaa yamepotea, yanalitaja jina la mfalme Guglielmo wa pili na mwaka 1180. Hivyo wale maamiri wa kuzua wakaondoka, na mahali pao akaingia mfalme Mkristo aliyeona fahari kuitangaza nyumba yake kwa lugha ya raia zake Waislamu.

Tangu hapo imezuka dhana nyingine, nayo ni tamu kuliko ya kwanza. Husemwa siku hizi kwamba majengo haya ni dalili ya zama za maelewano, ambapo dini tatu zilikaa pamoja kwa amani. Maelewano yalikuwapo ndani ya diwani na karakana. Ibn Jubayr mwenyewe alistaajabia mfalme aliyejua kusoma na kuandika Kiarabu na kuwaamini watumishi Waislamu. Lakini Ibn Jubayr huyo huyo alikutana na Abu l-Qasim ibn Hammud, mkuu wa Waislamu wa kisiwa, mtu wa nasaba na ukarimu, naye akamwambia kuwa alitamani yeye na jamaa zake wauzwe utumwani, ili biashara hiyo iwatoe katika nchi ile na kuwafikisha katika nchi ya Uislamu. Maneno hayo yalisemwa miaka minne au mitano tu baada ya maandishi ya Cuba kuchongwa. Waislamu wa Palermo walikuwa wamekwisha kuchinjwa katika fitina ya mwaka 1161, na Guglielmo wa pili alipokufa mwaka 1189 walichinjwa tena, waliosalia wakakimbilia milimani. Katika karne iliyofuata mfalme Federico wa pili aliwahamisha kwa nguvu mpaka Lucera, katika bara la Italia, na mwaka 1300 Lucera nayo ikavunjwa na watu wake wakauzwa. Mafundi waliolijenga kasri la mfalme walikuwa watu wa umma uliokuwa ukitolewa katika nchi yake, na asiyelitaja jambo hilo amelisifu jengo na kuwadhulumu wajenzi.

Yaliyofuata yanasemeka kwa maneno machache. Mwandishi Boccaccio aliliweka Cuba katika kisa kimoja cha kitabu chake, Decameron. Ziwa likakaushwa, wakati wa tauni wagonjwa wakalazwa ndani ya kasri, halafu wakaja askari, na farasi wao, na kuta za kambi. Zisa, lililokuwa mikononi mwa watu binafsi hadi katikati ya karne ya ishirini, liliporomoka sehemu yake moja mwaka 1971 kwa kuachwa bila matengenezo, likajengwa upya kwa juhudi kubwa, na mwaka 1991 likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho ya sanaa ya Kiislamu. Cuba nalo lilitolewa jeshini na kukarabatiwa, ila bado liko ndani ya ua wa kambi, na jina lake bado halimo daftarini.

Atakayekuja kusema kwamba halikuandikwa kwa kuwa bustani yake imekwisha, nitamjibu kuwa si kweli kwamba imekwisha kabisa. Na aanzie langoni mwa Cuba, aifuate Corso Calatafimi kuelekea milimani, mpaka Villa Napoli: humo ndani ya jumba la karne za baadaye zimefumbatwa kuta za Cuba Soprana, na jirani yake imesimama Cubula, kibanda kidogo cha mawe chenye matao pande nne na kuba jekundu, kilichowahi kumpa kivuli mtembezi wa bustanini. Mwendo ule wote, pamoja na nyumba za ghorofa, maduka na kambi zilizojengwa juu yake, ulikuwa ni sehemu ya shamba la mfalme mmoja, na mpaka leo unaweza kutembewa kwa miguu.