Pumu kwa watu wazima: pompe mbili, kazi mbili

Pumu, ugonjwa ambao wengi mashariki mwa Kongo wanaita asme, hauishi siku ile pumzi inarudi sawa. Njia za hewa ndani ya mapafu zinaweza kubaki zimevimba hata kama mgonjwa anajisikia muzuri. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455 000, wengi wao katika inchi maskini ambako dawa hazipatikani vizuri.

Kuna pompe za aina mbili. Ya kwanza ni ya kufungua pumzi: salbutamoli, mara nyingi rangi ya bluu. Inasaidia kwa dakika chache, lakini haitibu uvimbe. Ya pili ni ya kukinga, yenye kortizoni kama beklometazoni ao budesonidi. Hii inapunguza uvimbe pole pole, na inatumiwa kila siku kufwatana na maagizo ya muganga, hata siku zisizo na shida. Kisha mgonjwa anasukutua kinywa na kutema maji. Rangi zinabadilika kila kiwanda, basi jina ndilo la kusoma.

Watu wengi wanaogopa kwamba anayezoea pompe hataiacha tena, ao kwamba ni dawa ya mwisho kabla ya kufa. Si kweli. Dawa inayovutwa inaenda moja kwa moja kwenye mapafu, ndiyo maana dozi yake ni ndogo sana kuliko ya vidonge. Vidonge vya salbutamoli na aminofilini vinavyouzwa farmasi vinatetemesha mikono, vinakimbiza moyo, na havifikii pompe kwa kusaidia.

Mgonjwa anayehitaji salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa juma, ao anayeamka usiku juu ya kukosa pumzi, pumu yake haijatulia. Anayemaliza pompe nzima ya dozi 200 ndani ya mwezi mmoja yuko katika hatari kubwa; arudi kwa muganga bila kungoja.

Asiyeweza kuvuta vizuri anaweza kutumia chupa ya plastiki ya mililita 500. Chini ya chupa anatoboa tundu lenye kipimo cha mdomo wa pompe, anaingiza pompe ikabane, na mdomo wake anaweka kwenye shingo ya chupa. Anafinya mara moja, anapumua ndani mara 4 ao 5, ndipo anafinya tena.

Wakati wa shida kubwa, mgonjwa akae wima, avute salbutamoli mara 4, moja moja. Kama haipunguki, apelekwe hospitali mara moja, akirudilia dozi hiyo kila dakika 20 njiani. Kushindwa kumaliza sentensi, midomo kugeuka bluu ao usingizi usio wa kawaida ni alama za kifo kukaribia.

Moshi wa mbabula, sigara, vumbi, baridi na mafua vinaamsha pumu. Kwa wakaaji wa Goma, hata moshi wa volkeno. Mbabula iwashwe inje. Kwa wagonjwa fulani, aspirini na ibuprofeni pia zinaleta shida. Mama mwenye mimba asiache pompe yake: mtoto tumboni anategemea pumzi ya mama.

Kikohozi kinachopita majuma mawili kinahitaji kupimwa kifua kikuu, hata kwa mwenye pumu.