Kibadeni: Kutoka mabao matatu ya 1977 hadi benchi la ufundi

Ukipanda basi la Kibiti pale Mbagala Rangi Tatu, subiri kidogo uzungumziwe mpira wa Simba na Yanga. Muda si mrefu mzee mmoja atamtaja Abdallah Athumani Seif, maarufu King Kibadeni. Vijana wengi wanalijua jina tu. Huyu hapa kwa ufupi.

Mchezaji

Kibadeni alikuwa mshambuliaji wa Simba miaka ya 1970. Mwaka 1974 timu hiyo ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti.

Siku yake kubwa ni Julai 19, 1977. Simba iliifunga Yanga 6-0, na matatu kati ya hayo alitupia yeye. Mawili yalikuwa ya Jumanne Hassan 'Masimenti', na moja Yanga walijifunga wenyewe.

Tangu hapo watani wamefungana tano zaidi ya mara moja: Simba 2012, Yanga 2023. Lakini hakuna mchezaji mwingine aliyefunga matatu peke yake katika mechi moja ya ligi.

Kocha

Mastraika wengi wakistaafu mpira nao unawaacha. Kibadeni aliingia kwenye ukocha, na mwaka 1993 aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Haikuwahi kutokea kwa klabu ya Tanzania.

Ugenini Abidjan, Simba ilitoka 0-0 na Stella. Kazi ikaonekana imebaki ndogo. Marudiano Dar es Salaam, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa uwanjani, Simba ikalala 2-0. Kombe likaondoka.

Ilichukua miaka 30 kwa klabu nyingine ya Tanzania kufika fainali ya Afrika: Yanga, 2023, kwenye Kombe la Shirikisho. Nayo ilikosa. Simba ikafika tena 2025, ikakwama kwa RS Berkane ya Morocco.

Timu ndogo

Hapa ndipo ukocha wake unapofundisha zaidi. Msimu wa 2012/13 alikuwa Kagera Sugar, timu isiyo na fedha za vigogo, ikamaliza ya nne. Simba wakamrudisha 2013, lakini kabla mwaka haujaisha wakaachana naye.

Akaenda Ashanti United iliyokuwa inapigania kubaki Ligi Kuu. Haikupona, ikashuka 2014. Baadaye akawa JKT Ruvu, timu ya mkoa wetu wa Pwani, na mwishoni mwa 2015 aliiongoza Kilimanjaro Stars kwenye Chalenji nchini Ethiopia.

Jina kubwa halikumzuia kushika timu inayozama. Na mabao matatu ya 1977 hayakumlinda matokeo yalipokuwa mabaya. Kocha anapimwa kwa mechi ya mwisho.

Kwa straika wa Kibiti

Vijana wa Nyamisati, Mbwera na visiwa vya delta wanajua shida ya mpira wa huku. Mechi ya ugenini ni boti, mafuta na kusubiri maji yajae. Wengi vipaji vyao vinaishia kwenye ndondo.

Ukiona miguu inachoka, ukocha ni njia nyingine, na ngazi zake zinajulikana: leseni ya CAF daraja D, kisha C, B na A. Kozi za mwanzo huendeshwa na TFF, mara nyingi mikoani. Ulizia chama cha soka cha wilaya yako.

Timu nazo zinapanda hatua kwa hatua: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Kila ngazi inahitaji mtu wa kukaa benchi. Kwa nini asiwe wewe?