Rudi Jumanne: safari ya kichupa cha chanjo

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kuungama kosa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi la zahanati moja ya kijijini nikingoja dawa ya malaria. Akaingia mama mmoja, mtoto mgongoni, vumbi hadi magotini, maana alikuwa ametoka kwake kabla jua halijachomoza. Alimleta mtoto kuchanjwa surua. Nesi akamtazama mama, akalitazama friji lililokuwa pembeni, akasema: "Mama, leo hakuna. Rudi Jumanne."

Chanjo zilikuwemo. Mimi mwenyewe niliviona vichupa mlango ulipofunguliwa. Mama yule hakusema neno. Alikaza kanga yake, akageuka, akaondoka. Mimi ndiye niliyesema. Nilimtolea nesi maneno makali, ya uvivu na roho mbaya, mbele za watu. Akaniacha nimalize, kisha akaniambia taratibu kwamba mafuta ya taa yaliisha usiku wa juzi, friji likazimika, na hajui vichupa vile vimepata joto kiasi gani. "Nikimchoma nitaandika kwenye kadi kwamba amechanjwa," alisema, "na huenda nitakuwa nimemchoma maji."

Sikumwelewa siku ile. Nilikuja kumwelewa baadaye sana, nilipoanza kusoma historia ya chanjo, na nikaona kwamba nesi yule alikuwa akipambana na adui ambaye mabingwa wa dunia wamepambana naye zaidi ya miaka mia mbili. Adui mwenyewe ni joto.

Chakula kikichacha utakijua kwa harufu. Chanjo nyingi zikifa hazinuki wala hazibadiliki rangi. Mtoto atachomwa, atalia, kadi itapigwa muhuri, na mama atarudi nyumbani na amani moyoni. Mwaka ukipita surua ikaingia mtaani na kumkumba mtoto yule, mama ataitoa kadi na kuwaonyesha majirani. Nani atamlaumu akisema chanjo ni uongo? Kichupa kimoja kilichoungua njiani huweza kuharibu imani ya kijiji kizima.

Tabu hii si ya jana. Mwaka 1796 huko Uingereza, daktari Edward Jenner alimchanja mtoto wa mtunza bustani wake, James Phipps, kwa majimaji ya ndui ya ng'ombe, na mtoto yule hakushikwa na ndui ya watu. Elimu ikapatikana. Lakini majimaji yale yalikuwa kitu hai. Waliyakausha kwenye nyuzi au wakayabana kati ya vipande vya vioo, na katika nchi za baridi mara nyingine yalifika salama. Yalipopelekwa nchi za jua yalikufa njiani.

Mfalme wa Hispania alitaka kuyapeleka Amerika, safari ya majuma mengi baharini. Daktari wake, Francisco Javier de Balmis, akapata njia ambayo nikiisoma hata leo mwili unanisisimka. Tarehe 30 Novemba 1803 meli iitwayo María Pita iling'oa nanga La Coruña ikiwa na watoto yatima 22 ambao hawajapata kuugua ndui. Waliwachanja wawili. Baada ya siku tisa au kumi vipele vilipoiva, wakachukua usaha wao wakawachanja wengine wawili, na wengine wawili tena, hivyo hivyo hadi ng'ambo. Watoto wadogo, baadhi wa miaka mitatu tu, ndio waliokuwa friji! Alikuwepo mama mmoja wa kuwatunza, Isabel Zendal. Safari ile iliokoa watu wengi, sikatai, lakini sijaona mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu aliyewauliza watoto wale.

Kwetu huku ndui ilikuwa ikitembea na misafara ya biashara kutoka pwani kwenda bara, na chanjo iliposhushwa bandarini, jua lilikuwa linaingoja. Hali haikubadilika sana hadi miaka ya 1950, ambapo Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, Uingereza, alipotengeneza njia nzuri ya kuikausha chanjo. Waliigandisha kwanza, kisha wakaiondolea maji katika chombo kisicho na hewa, ikabaki unga. Ni kama dagaa: mbichi hamalizi siku mbili, mkavu utasafiri naye kutoka Mwanza hadi Lubumbashi. Kipimo kilichokuja kuwekwa kilitaka unga ule ukae mwezi mzima katika joto la digrii 37 bila kupoteza nguvu yake.

Sasa sikiliza jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni kali ya kuitokomeza ndui mwaka 1967, kampeni ikiongozwa na Mmarekani D. A. Henderson, lilichunguza chanjo zilizokuwa zikitumika katika nchi zenye ugonjwa. Zilizofikia kiwango hazikuzidi asilimia 10! Miaka yote ile watu walikuwa wamekunja mikono ya mashati wakichomwa kitu ambacho, kwa sehemu kubwa, hakikuwa na uhakika wowote.

Kifaa cha pili kilichosaidia ni kidogo mno. Benjamin Rubin, mfanyakazi wa kampuni ya Wyeth ya Marekani, alichukua wazo la tundu la sindano ya cherehani, akalikata juu, ikabaki sindano yenye ncha mbili kama uma. Ukiichovya katika chanjo, tone moja linanasa kati ya ncha zile. Unamdonoa mtu begani mara 15, kazi imekwisha. Kichupa kilichokuwa kikitosha watu 25 kikatosha watu 100. Sindano ilichemshwa ikatumika tena na tena, na mtu asiye daktari alifundishwa kuitumia kwa dakika chache. Zilikuwepo pia bunduki za chanjo zilizorusha dawa chini ya ngozi bila sindano, zenye uwezo wa kuchanja watu hata 1,000 kwa saa, lakini zilikuwa zikiharibika, na ukiwa porini utampata wapi fundi? Kasindano ka ncha mbili kakashinda.

Na upungufu nao ukafundisha. Mwezi Desemba 1966 huko Nigeria mashariki, daktari William Foege alikuwa na chanjo chache, hazitoshi kuchanja kila mtu. Akawatafuta wagonjwa kwa kutumia wamisionari waliokuwa na redio za mawasiliano, akawachanja waliowazunguka wagonjwa wale na vijiji ambako ugonjwa ungeelekea. Ndui ikakatika. Mbinu iliyozaliwa na uhaba ikawa ndiyo mbinu ya dunia nzima.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alipatikana mwambao wetu huu huu, mjini Merka, Somalia, si mbali na Barawa ambako wazee wanazungumza Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali. Mwezi Oktoba 1977 aliingia kwenye gari lililobeba wagonjwa wawili ili amwonyeshe dereva njia, mwendo wa dakika chache tu. Chanjo haikuwa imempata, na yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba aliiogopa kwa sababu aliona inauma. Hospitalini kulikuwa na chanjo, sindano na wachanjaji. Haya ndiyo mambo ambayo friji haliwezi kuyatibu. Alipougua, watu 54,777 walichanjwa mjini katika majuma mawili. Alipona, na tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Maalin baadaye alifanya kazi ya kuwashawishi Wasomali wenzake wawachanje watoto polio, akiwaeleza kosa lake. Alifariki mwezi Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo hiyo.

Ndugu msikilizaji, ungedhani baada ya hapo kazi imekuwa nyepesi. La hasha. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanzisha mpango wa kuwachanja watoto wote dhidi ya magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Wakati ule, katika nchi maskini, waliopata chanjo hizo hawakufika mtoto mmoja katika 20. Na chanjo hizi hazikuwa na ugumu wa ile ya ndui. Nyingi zilitaka kukaa kati ya digrii 2 na 8, tangu kiwandani hadi begani kwa mtoto. Ndipo likazaliwa neno mnyororo wa baridi: ndege, ghala la taifa, lori, ghala la mkoa, friji la wilaya, kisha lile kasha la bluu linalofanana na deli la muuza aisikrimu, juu ya baiskeli au kichwani. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazina maana.

Friji la mafuta ya taa lilikuwa pete dhaifu kuliko zote. Utambi unatoa moshi, mafuta yanakwisha, au yanaazimwa kwa ajili ya taa na hayarudi. Yakaja ya nguvu ya jua, yenye betri. Betri nazo zilichoka baada ya miaka michache, na nyingine zilihama zahanati zikaenda kupigisha redio mahali, labda hii hii mnayonisikilizia. Ilibidi mafundi wabuni friji linalofanya kazi jua likiwaka na kuhifadhi baridi yake katika barafu, bila betri. Tangu mwaka 2016 mfuko wa chanjo wa Gavi umekuwa ukizisaidia nchi kununua mafriji ya namna hiyo.

Lakini kuna jambo moja lililonishangaza kuliko yote. Tulivyofundishwa kuogopa joto, wafanyakazi wengi walijaza barafu kwa wingi wakidhani baridi zaidi ni usalama zaidi. Kumbe chanjo ya pepopunda, ya kifaduro na ya homa ya ini aina ya B zikiganda zinaharibika moja kwa moja! Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kati ya asilimia 14 na 35 ya mafriji au mizigo iliyopimwa iliziweka chanjo kwenye baridi ya kugandisha, na nchi tajiri hazikupona. Nesi mwenye shaka anatikisa kichupa kilichogandishwa makusudi pamoja na kile anachokishuku, kisha anavitazama vyote viwili vikituama. Machicha yakishuka kwa kasi moja katika vyote, anatupa.

Kwa upande wa joto, jibu lilikuja mwaka 1996, likabandikwa kwanza kwenye vichupa vya matone ya polio. Ni duara dogo lenye mraba mweupe katikati. Kadiri joto linavyokipata kichupa ndivyo mraba unavyokuwa mweusi, na hauwezi kurudi kuwa mweupe. Ukifanana rangi na duara, au ukilipita kwa weusi, tupa. Kikaratasi hicho kingekuwepo siku ile, nesi wangu angetazama tu na kuamua, na mimi ningebaki na heshima yangu.

Huko Kongo, Beni na Butembo, ambako Kiswahili kinasikika kila kona, ebola iliua watu 2,287 kati ya mwaka 2018 na 2020. Chanjo yake ilitaka baridi ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika nchi yenye njia za matope na milio ya risasi. Iliwafikia watu zaidi ya 300,000 kwa makasha maalumu yanayotunza baridi hiyo siku kadhaa, na mbinu ilikuwa ile ile ya Foege ya kuwazunguka wagonjwa. Kumbe inawezekana wakubwa wakitaka. Lakini mwezi Mei 2021 Malawi iliteketeza kwa moto dozi 19,610 za chanjo ya korona, kwa sababu zilifika siku za mwisho zikiwa zimekaribia. Hapo friji halikuwa na kosa. Aliyechelewa ni mtoaji.

Na bado mama anaambiwa arudi Jumanne. Siku hizi huenda friji ni zima na mraba ni mweupe. Tatizo ni kwamba kichupa cha surua mara nyingi kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake lazima kitumike ndani ya saa sita. Maelekezo yanasema kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Nesi mwenye vichupa vitatu hadi mwisho wa mwezi anahesabu watoto walioko kwenye benchi, anawaona wawili, na anasita.

Huko Gambia wamejaribu kiraka kidogo chenye vijisindano visivyoonekana vizuri kwa macho, kinachobandikwa kwenye ngozi ya mtoto kwa dakika chache. Kiraka kimoja ni dozi moja, hakuna kuchanganya maji. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024, na zaidi ya asilimia 90 ya watoto wadogo walipata kinga ya surua. Bado kiko kwenye majaribio.