Chini ya shamba la babu: koltani ya Masisi ni ya nani, na nani anahesabu kilo?

GOMA – Katika mitaa ya Ndosho, Katoyi na Mugunga kuna familia nyingi zilizokimbia vita kutoka Masisi. Ziliacha mashamba, ng'ombe na makaburi ya wazee. Wakati wakubwa wanapokutana, swali moja hurudi mara kwa mara: koltani inayotoka kwenye kilima kile alicholima babu, ni ya nani?

Swali hilo lina la pili nyuma yake. Hata kama familia ina haki fulani, itajuaje ni kilo ngapi zimetoka? Historia ya Kivu inaonyesha kwamba maswali haya mawili hayatengani. Asiye na karatasi ya haki haulizwi kuhusu hesabu, na asiyeona hesabu hawezi kudai haki yake.

Kuna nchi ambako jibu ni jepesi. Katika jimbo la Texas, Marekani, mtu anaweza kuwa mwenye shamba na pia mwenye mafuta yaliyo chini yake. Anaweza hata kuuza shamba akabaki na mafuta. Mjukuu akitaka kuhakikisha, anaenda kwenye ofisi ya kaunti, anafuata hati za mauzo na urithi kizazi kwa kizazi mpaka afike kwa babu yake. Kisha anatazama taarifa za Railroad Commission of Texas, ambako uzalishaji wa visima huandikwa kila mwezi, na kuulinganisha na pesa aliyolipwa na kampuni. Karatasi ya haki na karatasi ya hesabu zote ziko wazi.

Masisi si Texas, na tofauti hiyo ilianza zamani sana.

Tarehe 1 mwezi wa saba 1885, utawala wa mfalme Leopold II ulitangaza kwamba ardhi yote "isiyo na mtu" ni mali ya dola. Lakini milima ya Kivu haikuwa tupu. Watu walilima, wakahama, wakarudi, wakachunga. Ardhi ilipatikana kwa mwami na wakubwa wake, kwa zawadi au tozo; upande wa Bushi, Kivu ya Kusini, tozo hiyo iliitwa kalinzi. Mashahidi walikuwa wazee na majirani. Yote hayo yalikuwa kwa mdomo. Bulamatari alisoma karatasi tu, na mahali pasipokuwa na karatasi aliona pori. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa uwezo wa kugawa ardhi kubwa ya Kivu kwa walowezi na makampuni. Madini nayo yalitolewa kwa makampuni ya Wabelgiji.

Baada ya uhuru, wengi walitumaini kwamba haki ingerudi kwa wenyeji. Tarehe 7 mwezi wa sita 1966 ikatoka sheria inayojulikana kama Bakajika. Ilinyang'anya makampuni ya kikoloni umiliki wa ardhi na madini, lakini haikuvirudisha kijijini. Vilikwenda kwa serikali ya Kinshasa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ikakaza zaidi: udongo wote ni mali ya serikali, na mtu hupewa tu haki ya kuutumia. Kuhusu ardhi za vijiji, sheria hiyo ilisema haki za wakaaji zitapangwa na amri ya rais. Amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo shamba la babu likabaki katikati: si la serikali kabisa machoni pa kijiji, wala si la familia kabisa machoni pa ofisi.

Kwa madini, sheria haina utata. Sheria ya madini ya tarehe 11 mwezi wa saba 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inasema madini yote ni ya serikali, na kwamba haki ya madini ni kitu tofauti na haki ya ardhi. Mtu anaweza kuwa na hati halali kabisa ya shamba, na mwingine akawa na kibali halali cha kuchimba chini ya shamba hilo hilo. Mafuta na gesi yana sheria yake ya mwaka 2015, lakini msingi ni ule ule. Serikali ilipotoa eneo la mafuta namba V, linaloingia ndani ya mbuga ya Virunga, kwa kampuni ya SOCO mwaka 2010, wavuvi wa ziwa Edward hawakuwa na hati yoyote ya kuweka mezani kama wenye mali. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2022, Kinshasa ilipotangaza mnada wa maeneo 27 ya mafuta na matatu ya gesi ya ziwa Kivu. Mnada wa maeneo ya mafuta ulifutwa mwaka 2024.

Vibali vya madini huandikwa na ofisi inayoitwa CAMI, yaani kadasta ya madini. Ramani yake imegawanywa kwa miraba, kila kibali na namba yake. Ndiyo hadithi ya Rubaya, magharibi ya Goma. Kibali PE 4731 kilikuwa cha kampuni ya MHI, ambayo baadaye iliitwa Société Minière de Bisunzu. Pembeni kuna kibali PE 76 cha SAKIMA, kampuni ya serikali iliyorithi SOMINKI ya zamani. Juu ya milima hiyo walichimba maelfu ya vijana, wengi wakiwa katika kooperative ya COOPERAMMA. Kampuni ilisema: tuna kibali. Wachimbaji walisema: hapa ni kwetu. Mapatano ya mwaka 2013 yaliruhusu vijana wachimbe na kuiuzia kampuni, lakini ugomvi kuhusu bei na malipo haukuisha.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wakati wa SOMINKI, kampuni ilihesabu yenyewe. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, kampuni ikadhoofika, na uchimbaji wa mikono ukajaza nafasi yake. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla duniani. Goma ikajaa komptwari na wanunuzi. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo, waasi wa RCD waliokuwa wakitawala mji waliipa kampuni moja tu, SOMIGL, ruhusa ya kuuza koltani nje. Mpango huo haukudumu hata mwaka. Lakini uliacha somo: aliyeshika mizani ndiye aliyeshika kodi.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyotaka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo na jirani zake. Mwaka huo huo, mwezi wa tisa, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011. Kisha ukaja mpango wa lebo wa ITSCI, uliofika Rubaya mwaka 2014. Gunia lilipimwa na kufungwa lebo yenye namba kwenye chimbo, kisha likafungwa nyingine kwa negosia, na yote yakaandikwa kwenye daftari. Kwa mara ya kwanza kilo za mlima mmoja zingeweza kufuatwa mpaka nje ya nchi.

Hata hivyo, lebo inashuhudia gunia. Haishuhudii shimo kama hakuna anayetazama. Wataalam wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba madini ya kibali kimoja cha Rubaya yalikuwa yakipitishwa kwa lebo za kibali cha jirani. Na daftari lile lilitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa mbali. Familia ya kilimani haikuwa na nakala.

Mwisho wa mwezi wa nne 2024, M23 iliichukua Rubaya. Wataalam hao hao waliandika kwamba waasi walikusanya kodi ya dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi, na kwamba tani zisizopungua 150 za koltani zilivushwa kwa magendo mpaka Rwanda na kuchanganywa na za huko. Rwanda imekuwa ikikanusha kuhusika na magendo ya madini ya Kongo. Koltani ikishachanganywa, jina la kilima linapotea. Mwezi wa kwanza 2025 Goma nayo ikachukuliwa.

Je, familia haina kitu? Ina kitu, ila si kile wengi wanachofikiri. Sheria inamtaka mwenye kibali amlipe fidia mwenye kutumia ardhi anapoharibu shamba, mazao au nyumba. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Sheria ya 2018 inatoa asilimia 15 ya redevanse kwa mamlaka ya mahali madini yanapotoka, yaani cheferi, sekta au komine, na inaitaka kampuni iliyo kwenye uchimbaji kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Koltani ilitangazwa madini ya kimkakati mwaka 2018, na redevanse yake ikawa asilimia 10. Kwa hiyo kila kilo isiyoandikwa inapunguza shule na barabara ya kijiji.

Uganda, jirani yetu, ilikwenda hatua moja mbele: sheria yake ya madini ya 2003 ilimpa mwenye ardhi asilimia 3 ya mrabaha. Kongo haijampa mwenye shamba fungu la jina lake.

Basi kazi ya familia iliyoko Goma leo ni kuhifadhi ushahidi wa juu ya ardhi: karatasi ya mwami au ya chifu wa kijiji, risiti za tozo, majina ya majirani wa mipaka minne, picha za nyumba na mazao, na maneno ya wazee yaliyoandikwa na kutiwa sahihi wakiwa bado hai. Pia namba ya kibali kilichofunika kilima, kutoka kwenye ramani ya CAMI. Kila kitu kiwe na nakala mbili, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine, kwa maana nyumba huungua na watu hukimbia.

Tangu 1885, kila utawala mpya uliofika Masisi umeuliza kwanza karatasi iko wapi. Utakaofuata nao utauliza.