Majalada ya Spiegelgrund

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, Vienna ulibaki mji wa njaa. Himaya iliyokuwa ikiulisha ilikuwa imesambaratika, kifua kikuu kilikuwa kimeenea katika vyumba vya wapangaji, na watoto wengi walikuwa na matege kwa kukosa chakula bora na jua. Wasoshalisti walioshika halmashauri ya jiji tangu 1919 waliamua kuanza na watoto hao. Kazi hiyo alikabidhiwa Julius Tandler, profesa wa anatomia, na katika muda wa miaka kumi hivi alijenga huduma za ustawi wa jamii zilizosifiwa Ulaya nzima. Zilifunguliwa kliniki za ushauri kwa kina mama, shule za chekechea na vituo vya meno. Mwaka 1925 kilifunguliwa kituo cha kupokelea watoto katika mtaa wa Lustkandlgasse, ambako mtoto aliyeondolewa kwao alipimwa na kuangaliwa kabla ya kupelekwa kwa walezi au kwenye makao. Kuanzia 1927 kila mama aliyejifungua mjini alipewa kifurushi cha nguo na nepi bila malipo.

Ofisa wa ustawi aliyefika nyumbani kwa mama huyo hakuja kwa ajili ya nguo tu. Aliangalia chumba, akahesabu vitanda, akauliza baba anafanya kazi wapi na kama anakunywa. Aliyoyaona na kuyasikia aliyaandika. Mtoto akichelewa kutembea au kusema, hilo nalo liliingia katika jalada. Na akipelekwa kwenye wodi ya watoto wenye matatizo ya tabia na ya kujifunza, iliyoanzishwa mwaka 1911 na Erwin Lazar katika hospitali ya watoto ya chuo kikuu, jalada lilizidi kunenepa. Mimi siwalaumu walioandika. Mwalimu au daktari hawezi kumsaidia mtoto asiyemjua, na kumjua mtoto mwenye mahitaji maalumu huanza kwa kumsikiliza mama yake kwa makini na kuyaweka maneno yake mahali yasipopotea. Hata hivyo, mawazo ya kupima thamani ya watu yalikuwa tayari yamo ndani ya huduma hizo njema. Tandler mwenyewe aliandika juu ya gharama ya kuwatunza watu aliowaona hawaifai jamii.

Machi 1938 jeshi la Ujerumani liliingia Austria. Majalada ya ustawi hayakuchomwa wala hayakufichwa. Yaliendelea kukaa katika makabati yaleyale, chini ya wakubwa wapya. Idara ya afya ya jiji ikaanza kutengeneza kadi za urithi, yaani kumbukumbu za kila mtu na ukoo uliodhaniwa kuwa na kasoro za kuzaliwa nazo. Taarifa zilikusanywa kutoka hospitali za wagonjwa wa akili, shule maalumu, ofisi za vijana na kumbukumbu za walevi na makahaba. Vita vilipokaribia mwisho, kadi hizo zilikuwa zimepita 700,000, katika jiji la watu wasiofika milioni mbili. Kwa kadi hizo watu walinyimwa mikopo ya ndoa na posho za watoto. Kuanzia Januari 1940, sheria ya Ujerumani ya kuwafunga uzazi watu walioitwa wagonjwa wa kurithi ilipoanza kutumika Austria, kadi hizo pia ziliwapeleka watu kwenye chumba cha upasuaji.

Mtu aliyekwenda shule maalumu kwa sababu alikuwa mzito wa kusoma hakuulizwa kama anakubali jina lake lihamishwe kutoka shuleni kwenda kwenye kadi hiyo. Hakujua hata kama lilikuwa limehamishwa.

Tarehe 18 Agosti 1939 Wizara ya Mambo ya Ndani mjini Berlin ilituma waraka wa siri. Madaktari na wakunga waliagizwa kuandika taarifa juu ya kila mtoto wa chini ya miaka mitatu aliyezaliwa na upungufu wa akili, kichwa kikubwa au kidogo kupita kiasi, ulemavu wa viungo au wa uti wa mgongo, au kupooza, ukiwamo ugonjwa tunaouita leo mtindio wa ubongo. Mkunga alilipwa marki 2 kwa kila taarifa. Fomu zilikwenda kwa kamati iliyopewa jina refu la kisayansi, na anwani yake ilikuwa sanduku la posta tu. Wataalamu watatu, Werner Catel, Hans Heinze na Ernst Wentzler, walizisoma kwa zamu na kuweka alama: jumlisha kwa mtoto wa kuuawa, kutoa kwa mtoto wa kuachwa hai. Waliamua bila kumwona mtoto. Walichokuwa nacho mbele yao ni karatasi ile tu.

Vienna ilipata wodi yake Julai 1940. Katika eneo la hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya Steinhof, kwenye vilima vya magharibi mwa jiji, majengo kadhaa yaligeuzwa kuwa kituo cha watoto kilichoitwa Am Spiegelgrund. Daktari mkuu wa kwanza alikuwa Erwin Jekelius, kisha akafuata Ernst Illing. Watoto waliokusudiwa kufa waliwekwa katika jengo namba 15. Walipewa dawa ya usingizi kidogo kidogo, kwa siku nyingi, wakaachwa katika baridi na njaa mpaka mapafu yakashindwa. Cheti cha kifo kikasema nimonia. Hadi 1945 watoto 789 walikuwa wamekufa hapo.

Mmoja wao alikuwa msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, na ambaye akili yake ilikuwa imeathiriwa na ugonjwa wa ubongo. Juni 1941 alipimwa na daktari wa watoto Hans Asperger, yule ambaye jina lake baadaye lilipewa aina moja ya usonji. Asperger aliandika kwamba mtoto huyo ni mzigo usiobebeka kwa mama mwenye watoto wengine watano wazima, na kwamba lazima apelekwe Spiegelgrund akae huko moja kwa moja. Wanahistoria bado wanabishana alijua kiasi gani alipotia sahihi. Jalada la mtoto limehifadhi pia kilichosemwa na mama. Alimwambia daktari, huku akilia, kwamba kama mwanawe hawezi kusaidiwa, huenda ingekuwa afadhali afe, kwani duniani atakuwa wa kuchekwa tu. Mama yeyote aliyechoka na kuogopa anaweza kusema hivyo mbele ya daktari anayemwamini. Hapo uchungu wake ukawa maandishi ya serikali. Mtoto alifariki Septemba, siku moja baada ya kutimiza miaka mitatu.

Jina la msichana huyo limekwisha kuchapishwa katika vitabu, lakini sikuona haja ya kuliandika hapa.

Katika majengo mengine ya Spiegelgrund walikuwamo watoto ambao hawakuwa na ulemavu wowote. Walikuwa watoto wa maskini, wa walevi, wa familia zilizofukuzwa katika nyumba kwa kukosa kodi. Friedrich Zawrel, aliyezaliwa 1929, alikuwa wa kundi hilo. Baba yake alikuwa mlevi, na kwa mafundisho ya wakati ule ulevi ulikuwa katika damu. Zawrel alifungiwa peke yake, akachomwa sindano za kumtapisha, akaonyeshwa kwa wanafunzi wa uuguzi akiwa uchi kama mfano wa kizazi kibovu. Muuguzi mmoja alimsaidia kutoroka. Illing akaacha ripoti juu yake katika jalada.

Baada ya vita Illing alihukumiwa kunyongwa na akanyongwa mwaka 1946. Heinrich Gross, daktari mwenzake katika jengo la mauaji, alipatikana na hatia mwaka 1950 na kupewa miaka miwili, lakini hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka uliofuata kwa sababu za kiutaratibu na kesi haikuendelea. Alirudi Steinhof. Ubongo wa watoto waliokufa ulikuwa bado umehifadhiwa huko katika mitungi, pamoja na maelezo ya kila mmoja, na Gross akaandika makala za kitaalamu kwa kuutumia. Mwaka 1968 alipewa taasisi yake ya utafiti. Mwaka 1975 alitunukiwa nishani ya serikali ya sayansi na sanaa, ya daraja la kwanza. Kwa miaka mingi pia alikuwa miongoni mwa madaktari walioitwa zaidi mahakamani kutoa maoni kuhusu akili za washtakiwa.

Mwaka huohuo wa 1975 aliletewa mfungwa mmoja wa kesi ya wizi ili ampime. Alikuwa Zawrel. Mfungwa alimtambua daktari, akamtajia Spiegelgrund. Kwa maelezo ya Zawrel, Gross alishtuka, akaahidi kumsaidia. Kisha akaandika maoni kwamba mtu huyu hatabadilika na anafaa kuwekwa kizuizini hata baada ya kumaliza kifungo chake, na ili kuyapa nguvu maoni hayo akatumia ripoti ya Illing. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita, na serikali ya Wanazi haikuwapo tena, lakini maneno yaliyoandikwa na mtu aliyenyongwa kwa kuua watoto yaliletwa mbele ya hakimu kama ushahidi wa tabia ya mtu mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Katika historia yote hii, hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi. Ukatili wa miaka ya vita unaweza kusingiziwa utawala wa wakati ule. Jalada hili lilitumika katika nchi ya amani yenye mahakama na magazeti huru, na hakuna afisa aliyeuliza liliandikwa na nani na kwa shabaha gani.

Zawrel alifanikiwa kupenyeza habari zake nje ya gereza hadi gazeti la Kurier, lililozichapisha Desemba 1978. Daktari Werner Vogt akalishika suala hilo na kumtuhumu Gross hadharani kuwa alishiriki katika mauaji ya watoto. Gross akamshtaki kwa kumchafulia jina. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ya Vienna ilimwachia huru Vogt, ikisema kwamba ushiriki wa Gross umethibitika, na mwaka huo Zawrel naye akatoka gerezani. Kesi ya mauaji dhidi ya Gross ilianza Machi 2000 na kusimamishwa siku ileile, kwa maelezo kwamba kumbukumbu zake zimepotea kwa uzee. Alifariki 2005, akiwa amenyang'anywa nishani miaka miwili kabla. Mabaki ya mamia ya watoto yalizikwa katika makaburi makuu ya jiji Aprili 2002.

Miezi miwili kabla ya habari ya Kurier, Oktoba 1978, bunge la Austria lilikuwa limepitisha sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi na kuipa haki hiyo hadhi ya kikatiba. Sidai kwamba sheria hiyo ilizaliwa na Spiegelgrund. Jimbo la Hesse huko Ujerumani, la kwanza duniani kutunga sheria ya aina hii, mwaka 1970, lilisukumwa na kuingia kwa kompyuta katika ofisi za serikali. Lakini mwaka 1983, Wajerumani walipopinga kuhesabiwa katika sensa, wengi walikumbuka kadi za Wanazi. Mahakama ya katiba mjini Karlsruhe ikaamua kwamba mtu ana haki ya kuamua taarifa zake zitumike vipi, na kwamba kilichokusanywa kwa kusudi moja hakiwezi kuhamishiwa kusudi lingine kiholela. Kanuni hiyo ndiyo iliyokosekana Vienna mwaka 1938, na tena mwaka 1975.

Kanuni hiyo imo katika sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, imo katika sheria ya Kenya ya 2019, na imo katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Sheria ya Kenya inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijashughulikiwa. Sheria ya Tanzania inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na zile za afya. Mwalimu wa elimu maalumu anayejaza fomu ya upimaji huko Kisumu au Dodoma, akiandika kwamba mtoto hasemi, ana kifafa, na mama anamlea peke yake, anaandika yaleyale yaliyoandikwa na maofisa wa Tandler. Kinachompa mama huyo haki ya kuuliza karatasi inakwenda wapi ni sheria hizi.

Majalada ya Spiegelgrund hayakuteketezwa, na leo yamo katika hifadhi ya nyaraka ya jiji la Vienna. Bila hayo Gross asingefikishwa popote. Waltraud Häupl, ambaye mdogo wake wa kike aliuawa hapo, alilipata jalada la mdogo wake akiwa mtu mzima. Baadaye akasoma ya watoto wengine, na mwaka 2006 akatoa kitabu cha majina yao. Mwaka 2018 Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilitangaza majina ya watu wapatao 30,000 waliouawa katika mpango wa Wanazi uliolenga wagonjwa na walemavu wa rika zote, baada ya mabishano marefu: jamaa wengine waliogopa ukoo wao usije ukanasibishwa na ugonjwa, wengine walisema kuficha majina ni kuendelea kuwaonea haya waliouawa. Ninawaunga mkono hawa wa pili, kwa kuwa wafu hawa walinyimwa hata sababu ya kweli ya kifo chao. Kilichotangazwa ni jina na tarehe ya kuzaliwa na mahali. Yale yaliyoandikwa na madaktari hayakutangazwa. Jamaa au mtafiti anayeyataka hana budi kuomba na kueleza anayatakia nini.