Urembaji wa vyungu vya maua kwa mihuri

Urembaji wa vyungu vya maua kwa mihuri ni kazi ya mikono ya kupiga chapa za majani, maua au herufi juu ya vyungu vidogo vya udongo uliochomwa. Mihuri ya mpira ilienea baada ya Mmarekani Charles Goodyear kupata hataza ya kuimarisha mpira kwa salfa na joto, mwaka 1844.

Chungu husuguliwa kwa msasa, hufutwa vumbi, kisha hupakwa rangi ya akriliki na kuachwa hadi ikauke kabisa. Ugumu uko kwenye mviringo: muhuri uliogundishwa kwenye kibao bapa hugusa sehemu nyembamba tu. Mpira mtupu unaopindika ndio bora, ukibingirishwa taratibu bila kuteleza. Wino wa maji huchujuka upesi. Rangi ya akriliki iliyopakwa kwenye muhuri kwa sponji hudumu zaidi, ila muhuri uoshwe kabla rangi haijaganda.

Adui mkubwa ni maji. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno, na unyevu hupenya kutoka ndani ukabambua rangi. Kwa hiyo vanishi isiyopitisha maji hupakwa ndani pia, wala si nje peke yake.